Baba wa Ndani ya Kile Kitabu

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilikuwa nimekwisha kutengeneza kila bawaba ya mlango nyumbani kwetu Ibra, na mke wangu akaanza kunitafutia safari za sokoni zisizokuwa na haja. Maisha yangu yote ya kazi nilikagua falaji, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, toka Birkat al Mauz hata Al Kamil. Sasa nikawa nakagua mabirika. Binti yetu ni mfamasia katika hospitali moja ya Sur, na huja kwetu kila Alhamisi. Siku moja alitoa kitabu mkobani akanipa.

"Soma hiki, baba. Halafu uniambie unakionaje."

Ilikuwa riwaya ya Kiingereza ya mwandishi wa Kihindi, ya mapenzi na vichekesho, jalada lake la waridi. Alisema kazini kwao kila mtu anaisoma. Mimi ni mtu wa vitabu vya tarehe na safari za watu wa kale, kwa hivyo nilikipokea kwa heshima yake yeye, si kwa hamu.

Kisa chenyewe si kigumu. Msichana anampenda mpishi wa mkahawa, na wazee wake wamekwisha kumtafutia daktari. Barua inamfikia asiyeandikiwa, na kila wapenzi wakitaka kusema la maana, mvua inanyesha. Nilicheka, sikatai. Mna shangazi anayekwenda kumpeleleza yule mpishi kwa kujifanya mkaguzi wa usafi, akaishia kula sahani tatu na kuomba ya kubeba. Hapo mke wangu alitoka jikoni kuja kutazama nimepatwa na nini.

Aliyenikera ni baba wa msichana. Kurasa mia mbili amesimama mlangoni anasema hapana, na ukurasa wa mwisho analia na kusema ndiyo. Nikasema moyoni, mwandishi huyu hajapata kulea. Baba hakatai namna ile. Baba hukohoa, huuliza samaki leo kauzwaje, hutoka akaoshe gari iliyokwisha kuoshwa.

Karibu na mwisho nikaona sentensi imepigiwa mstari kwa penseli. Msichana anasema: siogopi kwamba atakataa, naogopa hataniuliza kwa nini. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa, nikakuta mistari mingine, na yote ni ya huyo huyo baba.

Nikakiweka kitabu chini. Wako waliokuja kumposa binti yetu mara mbili, na mara zote mbili alikataa kwa maneno mazuri. Na alikwisha kututajia daktari mmoja wa Kihindi pale kazini, mtu mpole, alisema, anayejua kuzungumza na wagonjwa wazee.

"Anatwambia kitu," nilimwambia mke wangu.

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Basi hajakwambia kitu. Kitabu ndicho kilichokwambia."

Siku kadhaa nilikuwa na jambo hilo. Nilimfikiria huyo daktari nisiyemjua, dini yake, watu wake, wajukuu watakaokwenda kuzungumza lugha nisiyoifahamu. Kisha nikajikumbuka mimi. Nilipokuwa kijana nilipeleka posa kwa jamaa mmoja wa Nizwa. Walinipokea kwa kahawa na halwa, wakaniuliza habari za kazi, na baada ya siku tatu likaja jibu kwa mdomo wa mtu mwingine: hawa ni watu wa Zanzibar, nyumbani kwao wanasema Kiswahili. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Namshukuru Mungu kwa mke niliyempata baadaye, lakini yale maneno sikuyasahau. Nikaona si haki mtu aliyefungiwa mlango namna ile naye amfungie mwenziwe.

Jumanne nikaendesha gari mpaka Sur bila ya kumwarifu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno yangu. Alipotoka kazini mchana nilimchukua tukavuka daraja kwenda Aija, nikasimamisha gari kwenye kivuli cha nyumba moja ya zamani.

"Shikamoo, baba. Mama mzima?"

"Marahaba. Mzima." Nikashika usukani kama tungali safarini. "Mwanangu, kitabu nimekisoma. Nimeelewa. Kama ni yule daktari, mwambie aje na watu wake. Sitasema ndiyo siku hiyo hiyo, nitauliza dini yake na tabia yake, lakini mlangoni sitamsimamisha."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Baba, daktari yule ana mke na watoto watatu. Na kitabu si changu. Nimeazimwa na nesi mmoja wa pale kazini, naye ni Mhindi. Mistari ile kapiga yeye. Mimi nilikupa tu kwa sababu mama alisema unafungua bomba za maji zisizovuja."

Nilikuwa nimekuja masafa ya saa mbili kumwoza mtu mwenye mke wake. Yeye akawa anaitazama khori, ule mkono wa bahari tuliouvuka darajani.

"Lakini kweli ungemkaribisha?"

"Ningekuuliza wewe kwanza."

"Sina mtu, baba. Nikimpata nitakwambia wewe kabla ya mama."

"Usithubutu. Nani ataishi na mama yako humo nyumbani akijua?"

Wiki chache baadaye alikuja Ibra na yule nesi kula chakula cha mchana. Alikuwa mwanamke mtaratibu, Kiarabu chake cha wodini, na tulipokwama tuliingia Kiingereza. Baada ya kahawa nikampa rai yangu: kitabu kinachekesha, shangazi ni hodari, lakini baba yule ni wa kubuni, hana uhai.

"Kwangu mimi," alisema polepole, "ni yeye peke yake aliye hai."

Akatuhadithia. Alimpenda kijana wa watu wasiokubalika kwao. Baba yake alipoambiwa kwa simu alisema hapana, akamrudishia mama yake simu. Huu mwaka wa pili. Kila Ijumaa baba humpigia simu, anamuuliza amekula nini, na kijana hatajwi.

"Basi huyo hakusimama mlangoni," nilisema. "Anakupigia simu."

"Mlango upo, mzee wangu. Habari za chakula tu ndizo zinazopita."

Nilikuwa nimempima baba wa kitabuni kwa kipimo changu, nikadhani nisiyemjua hayupo. Nikamuuliza basi na yale machozi ya ukurasa wa mwisho anayaonaje.

"Hayo mwandishi aliyaweka kwa ajili yetu sisi tunaonunua," alisema, na mke wangu akacheka, akamwongeza halwa.

Tangu hapo nesi amekwenda kwao likizo na kurudi. Binti yangu alimuuliza, naye akasema baba yake alimpokea uwanja wa ndege, wakasimama njiani kula. Hapo mezani baba akamuuliza yule kijana anafanya kazi gani, na kabla hajajibiwa akamwita mhudumu alete maji. Ndiyo habari yote mpaka leo.

Kitabu nimekirudisha. Mtu akiniuliza, humwambia akisome, asiharakishe zile kurasa za baba, na ule wa mwisho ausome au auache, ni hiari yake.