Walishika Jembe Kabla Hajazikwa

Habari ya kifo cha mchekeshaji wetu ilinikuta Nyakanazi, Jumatatu asubuhi, nikisubiri basi la kurudi Biharamulo. Mama muuza chapati aliisoma kwenye simu yake, akaangusha mwiko, akapiga yowe hadi madereva wa malori wakashuka kuuliza nani kagongwa. Chapati iliungua na hakuna aliyeijali. Kufikia Jumatano fulana zenye sura ya marehemu zilikuwa zimezagaa kote, na waendesha bodaboda wamefunga vitambaa vyeusi kwenye vioo vya pikipiki zao. Alhamisi katekista mmoja wa Ntobeye, msomaji wa siku nyingi wa safu hii, akaniandikia ujumbe: “Mwandishi, shikamoo. Huku kwetu vijana wanamlilia mtu wa kwenye simu kuliko walivyowalilia baba zao. Hii si kuabudu binadamu?” Nilianza kumjibu kwa maneno ya kisomi, nikayafuta.

Nilimfahamu marehemu kabla ya umaarufu wake. Miaka ile alikuwa akiuza sumu ya panya pale pale Nyakanazi, kipaza sauti mkononi, na kituo kizima kilikuwa chake. Aliigiza panya dume anavyomuaga mkewe: “Mama watoto, unga wa leo una kitu. Waambie watoto wale mihogo.” Watu walicheka hadi wakaachwa na mabasi. Siku moja alinifuata, akaniambia kwa adabu, “Mzee, niandike na mimi, hata mistari miwili.” Nikamjibu kwamba safu yangu haiandiki wauza sumu. Hakukasirika. Alikiinua kipaza sauti chake akatangaza, “Jamani, mpisheni mwandishi! Panya wa nyumbani kwake wanasoma magazeti!” Nilinuna wiki mbili nzima. Alipofika Dar es Salaam na kuanza kuonekana kwenye televisheni, nilimwandika mara tatu, na mara zote tatu nilimwita “kijana wetu”. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Ijumaa nilipanda basi la alfajiri hadi Ngara, kisha bodaboda hadi Ntobeye, alikozaliwa marehemu, nikatafute maneno mawili matatu ya mama yake ya kupambia makala. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, begi la safari limefungwa, liko mlangoni tangu Jumanne. Kamati ya mazishi huko Dar ilikuwa imempigia ikamwambia asubiri, gari litakuja kumchukua. Mazishi yalikuwa yameahirishwa mara mbili, kwanza kwa sababu mkubwa fulani alikuwa safarini, halafu kwa sababu jukwaa la waombolezaji halijakamilika. Na ilikwisha kuamuliwa kwamba atazikwa huko huko, ili mashabiki wapate kufika. Sasa kule Ntobeye mtu akifiwa, kitongoji kizima huweka majembe chini mpaka marehemu azikwe. Hakuna anayelima huku jirani yake ana maiti. Wamekua hivyo, na aliyewahi kuvunja desturi hiyo alitozwa pombe na kusemwa mpaka akahama. Lakini maiti wao huzikwa kesho yake au keshokutwa. Hawajawahi kuwa na maiti anayesubiri jukwaa, tena wiki ambayo mvua ya kupandia maharage ndiyo imeanguka.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na habari ya gari?”

Sikuwa na habari ya gari. Nilikuwa na daftari. Kabla sijalifungua tukasikia majembe, kwanza moja upande wa mgombani, halafu mengi bondeni. Mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana akatokea njiani, jembe begani, amevaa ile fulana. Alisimama, walau. “Mama, utusamehe,” alisema. “Siku ya tano leo, na maharage hayasubiri. Halafu huu si msiba wetu tena. Ni msiba wa taifa.” Mama akamjibu kwa Kihangaza, polepole, nami nayaandika kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia: “Kwetu jembe hushikwa mtu akishazikwa. Sasa nasikia majembe. Mwanangu mmemzika saa ngapi, mbona hamkuniita?” Mwenyekiti aliinamisha kichwa, na macho yake yakakutana na sura ya marehemu kifuani pake. Kisha akaenda shambani.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hiki chetu kilianza kwa wa mbali, na mfiwa akaambiwa asubiri simu. Nilikasirika, sifichi. Niliwakasirikia wale wa Dar, nikawakasirikia wale vijana waliokuwa wamelala uani kwa mama siku tatu wakitazama kwenye simu zao watu maarufu wakilia, na siku ya nne wakaondoka bila kuaga. Aliyebaki kwenye mkeka ule alikuwa katekista, yule yule aliyeogopa kwamba tunaabudu binadamu. Mbegu zake zilikuwa kwenye beseni nyumbani, zimeshachambuliwa. Nilipomuuliza kama haogopi kupitwa na mvua, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mpumbavu. “Naogopa,” alisema. “Lakini nitapitaje na jembe mbele ya huyu mama?” Mimi sikukaa. Gazeti lilikuwa linasubiri. Jioni ile niliandika kwamba taifa zima limesimama kwa majonzi, na mhariri akanisifu.

Gari halikuja. Basi, katekista, swali lako nakujibu leo, tena nimechelewa. Hapana, hatukumwabudu. Anayeabudu hutoa kitu: kuku, sadaka, siku yake ya kazi. Hata mizimu ya babu zetu ilikuwa na gharama. Sisi tulitoa machozi, na machozi hayamcheleweshi mtu shambani. Kumlilia mtu maarufu si dhambi, maana alituchekesha tukiwa na shida zetu, na anayekuchekesha ukiwa na shida anastahili chozi. Dhambi ni kulia kwa ajili ya marehemu huku umempa kisogo aliyemzaa. Msiba ni kwenda kukaa na mfiwa. Mengine yote ni kujitazama wenyewe tukilia. Nayasema haya bila kujitoa. Jumapili uliponipigia kunieleza kwamba mama alimzika mwanawe kwenye simu yako, na kwamba alikuomba uisogeze karibu kwa sababu wakubwa walikuwa wamesimama mbele na jeneza halionekani, hukuniuliza niko wapi. Nilikuwa shambani kwangu, Biharamulo, napanda maharage.