Koti la Timau

Watu wakiniuliza kwa nini nilishona makoti mazito katika mji wenye joto kama Isiolo, huwaambia waamke alfajiri, kabla vumbi halijapanda, watazame kusini. Mlima upo pale na theluji yake. Lori linatoka kwetu jua likichoma utosi, linaanza kupanda ule mwinuko, na kabla chai ya chupa haijapoa, walioketi juu ya mizigo meno yanagongana. Waliokwenda bila koti walirudi na kikohozi, na wengine walirudi na homa ya mapafu. Kwa hiyo wasinicheke. Walinicheka sana, halafu hao hao wakaja kupimwa mabega.

Ufundi nilipewa na baba. Alikuwa akishona maturubai ya malori na mahema, mtu wa maneno machache, na macho yake yalipoanza kuingia ukungu alinikalisha kwenye cherehani yake, yeye akakaa kando akisikiliza. Ndiyo, akisikiliza. Mshono mbaya aliusikia kabla mimi sijauona. Wanaume wa sokoni walisema mwanamke hana mikono ya kuvuta turubai. Baba akawaambia waje wavute wao, nami nipumzike. Hawakuja.

Mama alituacha mapema, ndugu yangu akiwa bado anatambaa, kwa hiyo ni mimi niliyembeba mgongoni. Alikuwa mtoto wa kiume pekee na hakutaka cherehani hata kidogo. Alipenda ng'ombe. Kila alichopata baba kwa sindano kiligeuka ng'ombe upande wa Kulamawe, mikononi mwa ndugu yangu, na alikuwa mchungaji mzuri, nisimseme vibaya. Lakini katika miaka ile ya sabini mvua ilikataa. Alisikia kuna majani kuelekea Sericho akawahamisha, na majani hayakuwepo. Alirudi mjini kwa miguu, amebeba kamba za kufungia mifugo begani. Kamba tu.

Baba alimpa maji. Akamwambia aoge, ale, alale. Hakumlaumu siku ile wala kesho yake wala wiki iliyofuata. Mpaka leo huwa nawaza, afadhali angemtukana. Tusi unalijibu, au unalilia, linapita. Kijana alibaki kukaa na upole wa baba yake mchana kutwa, akiutazama kama ukuta. Siku ya kumi akasema amepata kazi kwenye shamba la ngano kule Timau. Nikamuuliza ngano ameiona wapi, yeye wa kukimbizana na ndama. Akasema atajifunza.

Hakuwa na nguo ya baridi, ila shati na shuka. Basi nikashona koti.

Lilikuwa turubai kuukuu la lori. Watu hudhani jipya ndilo bora, kumbe jipya ni gumu kama ubao, na ukilikunja linapasuka. Lililopigwa jua na mvua miaka kadhaa limeshajionyesha udhaifu wake, unakata pale palipobaki na nguvu. Nilililoweka kwa magadi kutoa grisi, nikalianika, nikakata nikikwepa mikunjo ya zamani. Uzi niliupitisha kwenye mshumaa ili uteleze na usinywe maji. Mabega niliweka tabaka mbili, viwiko tabaka mbili, midomo ya mifuko nikaizungushia ngozi ya mbuzi. Ndani nilitia blanketi la kijivu. Sindano tatu zilivunjika, na kola nikaimalizia kwa mkono, kwa sindano ya magunia, mpaka kidole kikatoa damu. Nilipolimaliza nililisimamisha sakafuni, likasimama bila mtu ndani. Jirani akauliza kama namshonea ndovu.

Alilivaa pale mlangoni saa nne ya asubuhi. Jasho likamtiririka papo hapo, tukacheka wote, hata baba. Nilimuuliza atarudi lini. Akalipiga koti kifuani kwa ngumi.

“Likiisha nitarudi, dada. Utanishonea lingine.”

Mimi, kwa kiburi cha fundi, nikamwambia basi ajitayarishe kuzeekea huko. Baba hilo hakulicheka. Lori lilipoondoka alisema taratibu kwamba ningemshonea la kitambaa chepesi.

Isiolo na Timau si mbali. Mtu anakwenda asubuhi na adhuhuri yuko nyumbani anakula. Lakini ndugu yangu hakushuka, mwaka wa kwanza wala wa pili. Alituma salamu na vimfuko vya unga wa ngano kwa mama mmoja Mmeru aliyekuwa akileta viazi sokoni kwetu. Huyo mama ndiye aliyekuwa macho yangu. Kila akishusha magunia namwendea, namuuliza habari ya ndugu yangu, anasema mzima. Namuuliza habari ya koti. Anasema analo, alikuwa amelivaa. Ananicheka, eti mtu gani huyu anauliza hali ya koti kuliko hali ya mwenye koti.

Hakujua. Mimi koti lile nililijua kama kiganja changu. Nilijua litaanzia kuchoka bega la kulia, anapobebea magunia, kisha kiwiko, kisha mkunjo wa kwapa. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani napiga hesabu za turubai, natafuta ndani yake siku ya ndugu yangu kurudi.

Wakati huohuo sifa zilienea. Madereva walikuja, wapakiaji wa ng'ombe walikuja, wauza miraa, hata karani mmoja wa serikali aliyehamishiwa milimani na mkewe akiogopa baridi. Wote niliwaambia habari za koti la ndugu yangu: limefika mwaka wa tano na halijarudi kwa fundi, limefika wa saba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wallahi mimi sikutia maji. Kila koti nililishona kama lile. Mchana nalisifu kwa wateja, na kwenye sala naomba lipasuke.

Macho ya baba yakazidi kufifia mpaka akawa anaona mwanga tu. Asubuhi alikaa nje ameelekea kusini, ingawa mlima hakuuona tena. Nilitaka kumtumia ndugu yangu neno, aje. Baba alikataa.

“Mwanaume haitwi nyumbani kama mbuzi,” alisema. “Ana miguu.”

Majirani wakanipa yale ya subira huvuta heri. Nikawajibu kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiumia ni la baba yangu. Miaka ya themanini ilishafika katikati, ukame mwingine umepita, na mzee alikuwa anakula nusu chapati na kuacha nusu. Nilijua hana miaka mingi. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: mtoto wake aje akae mbele yake, hata mara moja, kabla hajaondoka.

Siku moja ya soko mama wa viazi alikuja kwangu na gunia kwapani, anatabasamu. Alieleza kwamba ndugu yangu alimpa koti alipeleke kwa fundi wa huko Timau, kama kawaida, mkono umekatika. Alipofika akakuta yule fundi amefunga na kuhama. Akawaza, kwani dada yake si fundi? Akaliweka juu ya viazi akashuka nalo.

Nilisikia yale maneno, ‘kama kawaida’, lakini nilikuwa nimeshaanza kulifungua gunia.

Nilitandaza koti juu ya meza ya kukatia, sikulitambua. Bega la kulia lilikuwa na kiraka, chini yake kiraka kingine, na chini ya hicho kingine tena, cha kaki, kilichopauka mpaka kufanana na turubai. Kitambaa hakipauki hivyo kwa mwaka mmoja wala mitatu. Viwiko vilikuwa vya gunia. Mfuko mmoja ulikuwa wa jinzi. Ile kola iliyonitoa damu ilikuwa imefumuliwa, ikageuzwa, ikashonwa tena kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya mtu mwenye haraka.

Nitasema ukweli, kilichonichoma kwanza ni ufundi. Miaka yote nimesimama mbele za watu najisifu, na kumbe kazi yangu imekwisha zamani, mtu mwingine ameifunika na magunia. Halafu ndipo likaniingia lile la pili. Koti lilikuwa limeisha. Labda mwaka wa tatu liliisha. Naye akalipeleka kwa fundi mwingine, likaisha tena, akalipeleka tena. Mimi nilidhani ni mkono wangu mzuri unaomzuia huko, kumbe ndugu yangu alikuwa analipa mtu alishikilie lisife ili asije nyumbani.

Mama wa viazi aliona uso wangu akaanza kuomba msamaha. Nilimwambia hana kosa, na kweli hakuwa nalo.

Baba alisikia cherehani imenyamaza. Akauliza ni nini. Nikasema ni kazi ya mteja. Akanyoosha mikono, akasema lete. Yule mzee alijua nikidanganya tangu sina meno.

Nikalilaza magotini pake. Alianza na kola, akashuka begani. Vidole vilipita juu ya kiraka, vikaingia chini ya ukingo, vikakuta kingine, vikakuta kingine. Vikaenda kwenye kiwiko. Sikuweza kumtazama, nikageukia barabara. Nilipogeuka tena alikuwa amefika kwenye pindo la chini, ambako mshono wangu wa kwanza ulikuwa bado umeshika, ameushika tu. Kisha akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono.

“Huko ni baridi,” akasema. “Mpelekee.”

Nikasema simpelekei. Akilitaka aje alichukue mwenyewe. Nilipandisha sauti mbele ya baba yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada ya siku ile. Nilisema maneno mengi, Mungu anisamehe. Alinisubiri nimalize, akarudia kwamba nimpelekee, na iwe leo.

Sikufumua hata kiraka kimoja. Ningefumua, pasingebaki koti. Nilishona ule mkono uliokatika, uzi wa nta, mara mbili, nikapanda lori la viazi lililokuwa likirudi tupu. Tulipofika juu upepo ulinipiga kifuani, nikalivaa. Miaka yote ya kuwashonea watu, sikuwa nimewahi kuvaa kazi yangu mahali ilipokusudiwa. Lilikuwa na joto bado, pamoja na aibu zake zote. Nilikaa ndani yake nikipanga matusi.

Nilimkuta karibu na ghala, amevaa sweta iliyotoboka, amejifunika gunia mabegani. Mvi zilikuwa zimeingia. Aliliona koti kwanza, halafu akaona ni nani aliye ndani. Aliniamkia, akainamisha kichwa. Yale matusi niliyoyapanga njia nzima, hata moja halikutoka. Nilimuuliza kwa nini, basi.

“Nilitaka nirudi na ng'ombe, dada. Hata watano.”

“Baba hajawahi kuuliza ng'ombe.”

“Ndiyo maana,” akasema.

Nikamwomba apande lori saa ile ile, dereva angemsubiri. Akasema mavuno yamefika, hawezi kuwaachia wenzake kazi, ila yakiisha atakuja, safari hii kweli. Nilimwamini, na sikumwamini. Nilivua koti nikamvika, nikamfunga vifungo kama nilivyomfunga shati akiwa mdogo. Nilirudi Isiolo na gauni la pamba, nikitetemeka mpaka tuliposhuka penye joto.

Baba hakuingoja ngano. Alikwenda asubuhi moja, kimya, na siku hiyo hiyo alizikwa, kama ilivyo kwetu. Dereva wa lori alipeleka habari Timau. Ndugu yangu alifika wanaume wakiwa wamesharudi makaburini, wananawa mikono. Alisimama langoni na lile koti, amelifunga vifungo hadi shingoni, saa tisa ya jua la Isiolo, jasho likimtoka kama maji. Watu walimpa salaam aleikum, wakampa mkono wa pole, na hakuna aliyethubutu kumwambia alivue.

Nilipomkaribia aliniuliza baba alisema nini juu yake.

Msibani watu huongopa kwa wema. Ningeweza kusema amemwachia radhi, amemtaja mwishoni. Sikuweza. Nikamwambia kilichotokea.

“Siku ile niliporudi kutoka kwako alinipapasa bega, akakuta gauni tu. Akauliza, ‘Amelivaa?’ Nikasema umelivaa. Akasema alhamdulillahi, akalala. Hakuuliza kingine.”

Ndugu yangu aliketi pale pale vumbini, na koti lake, akalia kwa sauti mbele za wazee. Hasira nilikuwa nayo, nilikuwa nimeiweka akiba miaka kumi, na siku hiyo nilikuwa na haki nayo. Lakini nilimtazama nikaona ni yeye, ni yule yule niliyembeba mgongoni, na nilikuwa nimetamani mno kumwona. Nikaketi kando yake. Tulikuwa wawili tuliomngoja, baba na mimi, na nilimpokea peke yangu.