Kikoi cha Mamudo

Zuleica, mpiga picha wetu, alikuwa na kamera yenye kiburi kuliko yeye mwenyewe, na hilo si jambo dogo, maana Zuleica hajawahi kumwomba mtu samahani. Katika kijiji chetu, si mbali na Palma, hakukuwa na mwanamke mwingine wa kazi hiyo. Harusi zote zilimhitaji, kwani mwanamume haingii chumba cha bibi harusi. Mimi nilikuwa jirani yake na mshika kanga wake, ile kanga nyeupe ya kurudisha mwanga usoni mwa mtu. Sikulipwa. Nilikula pilau.

Lenzi ya asili ya kamera ile ilikuwa ikitafuta sura yenyewe, bila kuguswa. Mchanga ukaiua. Marehemu mjomba wake alikuwa amemwachia lenzi ndefu ya enzi za filamu, nzuri kwelikweli, ila haikuingia kwenye kamera, basi Zuleica akaagiza Dar es Salaam pete ya kuunganishia, ambayo vijana wetu huiita adaptador. Kwa pete ile unazungusha lenzi kwa mkono, na kamera ikiona kitu kimekaa wazi bila ukungu inalia: pi! Alifurahi kama mtoto. Halafu chumvi ya huku kwetu ikapenya, na kamera, pete na lenzi vikagandana. Tulijaribu mafuta ya nazi, tukajaribu mafuta ya taa, nikamnyang'anya koleo asije akavunja. Wapi! Vilikuwa vimefunga ndoa isiyo na talaka.

Tangu hapo aliweza kupiga vya mbali tu. Akiingia chumbani alipata pua ya bibi harusi, au sikio na hereni yake. Kazi za ndani ndizo zilizokuwa zake, na za nje zilikuwa na wanaume wake. Akawa amefungiwa nje ya riziki yake mwenyewe, na hasira zake tulizila sisi majirani.

Ndipo wakaja watu wa kuandikisha nyumba. Gesi ilikuwa imepatikana baharini, ardhi yetu ikatakiwa, tukaambiwa tutahamishwa na kila mwenye nyumba atajengewa nyingine. Kila mlango ulipakwa nambari nyekundu, na mwenyewe akapigwa picha mlangoni pake, uso na nambari pamoja. Asipokuwepo, anasimama ndugu, na nyumba inaandikwa kwa jina la huyo ndugu.

Chamima, rafiki yetu, alikuwa ndani ya eda. Mumewe Mamudo alikuwa amefariki mwezi uliopita. Nyumba ile ilijengwa kwenye kiwanja cha mama yake Chamima, na udongo wa kuta aliukanyaga yeye kwa miguu yake, mimi nikiona. Lakini Bachir, mdogo wake Mamudo, alifika mbele ya karani na shati limepigwa pasi mpaka linameremeta.

"Shemeji hawezi kutoka," alisema. "Nitasimama mimi. Hii ni nyumba ya kaka."

Karani aliitwa Aurélio, kijana wa Mueda, mwenye adabu zake. Nilimwomba ampe Zuleica kamera yake aingie nayo ndani. "Hii ya kazi haitoki shingoni mwangu, mama," alijibu. "Ila mkiniletea picha nyingine yenye uso na nambari, napokea. Tunarudi Alhamisi."

Simu zetu siku zile zilikuwa za kupigia tu. Tukamsihi Chamima atoke kidogo, hata mwalimu wa madrasa alisema dharura ina ruhusa yake.

"Mamudo nilimpenda," alisema Chamima. "Hili ndilo la mwisho ninaloweza kumfanyia. Sikatishi eda yangu kwa ajili ya rangi nyekundu."

Nilikasirika, nikataka kumburuta. Zuleica alikuwa anautazama mlango.

Mlango ule ulikuwa wa mbao mbili. Zuleica akafunga ubao wenye nambari, akaacha ule mwingine wazi, akamkalisha Chamima mkekani ndani ya kizingiti, karibu kabisa na nambari yake. Wanaume tukawafukuza uani, mimi nikaingia ndani na kanga yangu. Zuleica akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo ukagota ua wa jirani, na ile lenzi ndefu kwa mara ya kwanza ikapata nafasi yake.

"Picha itatoka nje," Chamima aliuliza kutoka ndani. "Na mimi je?"

"Wewe unabaki. Picha haikai eda."

Lakini kamera ikagoma. Zuleica alizungusha lenzi huku na huku, isilie. Chamima alivaa nguo nyeupe ya eda, nyeupe tupu ndani ya giza, na kamera ya namna ile inataka mistari, mahali rangi mbili zinapokutana, ndipo ishike. Jicho peke yake halikutosha, kile kidirisha cha kuchungulia kilikuwa na ukungu. Alipiga kwa kubahatisha, Chamima akatoka kama moshi.

"Mpe kitu chenye mistari!" alinipigia kelele.

Nilikuwa bado nageuka huku na huku chumbani wakati Chamima alipofungua sanduku. Alitoa kikoi cha Mamudo, cha mistari ya buluu na nyeusi, akakinusa, akakiweka kifuani. Akalia. Mimi na kanga yangu tukalia naye.

Pi!

Alhamisi Aurélio aliitazama picha, akaandika, "Dona da casa, Chamima," yaani mwenye nyumba. Bachir akaruka akidai kikoi kile ni cha kaka yake. Nikamwambia aingie kwenye picha akakichukue.

Tulipiga vigelegele kabla Aurélio hajamaliza kusoma masharti. Kuanzia siku ile nyumba ikae vilevile kama ilivyo katika picha. Chumba kisiongezwe, mnazi usipandwe. Na mwenyewe asihame, awepo siku atakapoitwa kuhamishwa.

Chamima alimaliza eda, akaogeshwa, tukala. Alitaka kwenda Mucojo kuishi na dada yake, kwa kuwa nyumba ile ilimjaa Mamudo kila kona. Hakuweza. Bachir, aliyekosa kila kitu, alikwenda Palma akajenga vyumba vya kupangisha wageni wa gesi. Masika yalikuja yakala ukuta wa nyuma, Chamima akaziba kwa udongo, masika yakarudi. Mwito haukuja.

Asubuhi moja alitukuta uani kwa Zuleica, amevaa kanga mpya ya maua. Alitaka apigwe picha nje, amesimama, mbele ya mlango ule ule.

"Lakini iliyoandikishwa haibadilishwi," Zuleica alimwambia.

"Najua. Wewe piga."

Tukaenda. Zuleica akarudi nyuma mpaka kwenye ua wa jirani, akainua kamera. Chamima alisimama kwenye jua, nambari pembeni ya bega lake.

"Eda ya Mamudo nilijua inaisha lini," alisema. "Hii mliyoniingiza nyinyi je?"

Kamera ikalia pi. Zuleica hakubonyeza.