Macho Mekundu ya Nyanjige

Nyanjige wa Sola alijua kutisha watoto, na kazi hiyo aliifurahia kweli kweli. Tangu aolewe kijijini hapo, jioni watoto wa jirani walijazana uani kwake wapukuchue mahindi huku yeye akiwatambia hadithi ya bibi mla watu. Bibi huyo alikuwa na macho mekundu. Aliweza kuvaa sura ya mama yako, ya kaka yako, hata ya ndama wenu, usimtambue hata kidogo.

"Lakini macho!" Hapo Nyanjige alikuwa akiruka ghafla, magunzi yanatawanyika. "Macho hawezi kuyabadili! Ukiyaona mekundu, usiulize jina. Kata!"

Watoto walipiga mayowe wakakumbatiana. Masele na mdogo wake Salu, wa nyumba ya pili, ndio waliokuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na Salu ilibidi asindikizwe, maana aliogopa hadi kivuli chake.

Ukimuuliza kwa nini mekundu, jibu alikuwa nalo, alilipata kwa bibi yake mzaa mama. "Huyo si mtu, ni wivu wenyewe," alisema. "Sasa wivu utauonyeshaje mtoto auone? Unauwasha moto machoni. Ni namna ya kusema tu." Watu wazima walielewa. Watoto walichukua macho, maelezo wakayaacha pale pale uani.

Miaka ikaenda, likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao kugombea pamba, na Sola nzima ikapagawa. Kila mwenye jembe alifyeka pori alime pamba. Mti gani ungebaki? Kuni zikawa za kufuata mbali, na Nyanjige alikuwa mjane mwenye magoti mabovu, binti yake wa pekee ameolewa huko Mwanhuzi. Akafanya walichofanya wanawake wengi wa rika lake: akapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Moshi wake, jamani, usiombe. Na jiko lenyewe lilikuwa ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Macho yakaanza kumwasha, yakatoa machozi na tongotongo, mwishowe yakawa mekundu moja kwa moja.

Zamda, nesi wa zahanati, alimkalisha juani akamgeuza kope. "Mama, hii ni trakoma, wengine wanaita vikope. Ni vijidudu. Nzi wanavibeba, na kitambaa mkichangia kujifutia uso mnaambukizana. Umekaa nayo muda mrefu mpaka kope zimegeukia ndani, zinakukwaruza jicho. Moshi nao unazidi kukuchokoza. Nawa uso kila siku, pikia nje, na uende hospitali Somanda wakakurekebishe kope."

Nyanjige akaangua kicheko. "Kumbe nimegeuka bibi wa hadithi yangu mwenyewe!"

Zamda hakucheka. "Neno hilo usilirudie mbele za watu, mama. Nakuomba."

Akalirudia. Siku hiyo hiyo, kisimani, mbele ya wanawake wote, tena kwa mbwembwe! Mtu mzima na akili zake! Walicheka, naye akacheka. Safari ya Somanda akaisogeza mpaka pamba ivunwe, na huku nyuma akawa anajing'oa kope kwa kibano, moja moja, machozi yanamtiririka.

Kabla pamba haijavunwa, Milembe, binti mdogo wa Masele, alishikwa na homa. Mwili ulichemka, kisha ukaanza kukakamaa na kurusharusha miguu. Degedege. Zamda alikuwa ameimba mpaka sauti ikamkauka kwamba degedege hiyo ni malaria iliyopanda kichwani, mtoto akimbizwe hospitali haraka. Nani alimsikia? Masele alimbeba mwanawe mbio hadi kwa mganga. Mganga akamfukiza chini ya blanketi, akamchanja kifuani, akaimba, na mtoto akakata roho mikononi mwa baba yake.

Sasa mganga atasema nini, kwamba kashindwa? Thubutu! "Aliyemla ana macho mekundu," alisema, "na yuko karibu yako. Mkimwendea muwe macho, yeye hubadili sura." Hadithi ya Nyanjige ilikuwa imefika hadi kwake, yule mwongo mkubwa.

Baada ya maziko, jua likielekea kuzama, Masele aliongoza wenzake hadi kwa Nyanjige, kila mmoja na panga. Wote walikuwa wamelambishwa dawa ya kutoa woga. Salu aliwekwa mlangoni. Masele akaingia peke yake.

Nyanjige alikuwa ameinama jikoni, chungu kinachemka.

"Mwadila, mayu," Masele alisalimia. Ndiyo, alimsalimia kwanza, akamwita mama, kama alivyofunzwa na mama yake.

"Mwadila, mwanangu. Pole. Nimemlia Milembe tangu asubuhi."

"Umemlia, au umemla?"

Ndipo Nyanjige alipoliona panga. "Masele! Mimi nimekupakata kwa mikono hii!"

"Niangalie. Ukiyaona mekundu, usiulize jina. Si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

"Ile ilikuwa hadithi! Huu ni moshi, mwanangu, ni ugonjwa! Muulize nesi!"

Panga likashuka. Nyanjige aliinua mkono wa kushoto kujikinga, vidole viwili vikaruka. Akapiga ukelele, akakipiga teke chungu, maji ya moto yakammwagikia Masele miguuni. Masele akanguruma, akakata tena, akampasua bega. Wakavaana. Yule bibi kizee aling'ang'ania shingo ya Masele kwa nguvu asizojua zimetoka wapi, damu yake ikamtapakaa Masele mikononi na usoni. Katika purukushani hiyo kapu la mavi makavu likapinduka juu ya makaa. Moshi mzito wa njano ukajaa chumba chote.

Nyanjige alijiangusha chini, akatambaa nyuma ya mtungi. Moshi ule aliuzoea. Masele hakuuzoea. Alikata ukuta, akakata hewa, akajifikicha macho kwa mikono iliyolowa damu, akafikicha tena. Kikohozi kilimkaba hata kuita hakuweza. Akapapasa mpaka akaupata mlango.

Salu aliona kitu kimetoka ndani ya moshi. Kilikuwa na sura ya kaka yake, lakini kilikoroma, kilinyoosha mikono kumshika, na macho yake yalikuwa mekundu kabisa, yakichuruzika.

Hakuuliza jina. Alikata shingoni, akakata tena kilipopiga magoti, akaendelea kukata mpaka wenzake wakamvuta.

Nyanjige akatoka akijikokota, mkono uliokatwa vidole ameubana kwapani, mwingine umeshika kibuyu cha maji. Hakuna aliyeinua panga. Akaketi chini, akakipakata kichwa cha Masele, akaanza kumnawisha uso, kama alivyomnawisha zamani matope ya mtoni. Masizi yakatoka. Damu ikatoka. Akamfungua kope taratibu, akamwagia maji, akafuta kwa upindo wa kanga.

"Salu, njoo uone."

Salu akasogea. Chini ya damu ile macho yalikuwa meupe, na wekundu wa moshi uliobaki pembeni ulikuwa mwembamba kama wa mtu aliyelia msibani.

"Mayu," Salu alisema, "huyu ni Masele."

"Ni Masele."

"Nilidhani... Mayu, macho yalikuwa..."

"Ungemuuliza jina, mwanangu," Nyanjige alisema, na hapo hapo akakumbuka ni nani aliyemfundisha asiulize. Akauziba mdomo wake kwa vidole vilivyobaki.