Batterie Mbili za Kijapani Kule Dilolo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo mbili: mmoja wa stoo ya vyombo vya orkestra, mwingine mdogo wa kukazia ngozi za ngoma. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Nilikuwa nimechoma makaa Mutshatsha na kupakia malori Fungurume, na popote nilipofika nilichoka haraka. Kolwezi, mji wa migodi, nilibaki kwa sababu ya batterie, yaani ile seti ya ngoma anayopiga mtu mmoja kwa mikono na miguu. Nilitaka kujua kila kitu kilichokuwa ndani yake.

Kiongozi wa orkestra, mzee mmoja wa Kasai, alinikuta nikikaza skrubu moja baada ya nyingine kwa kuzunguka. Kila mwanamume kwake alikuwa tata, yaani baba.

“Tata, unafunga nini pale? Kifuniko cha sufuria? Ngozi banaikaza kama gurudumu ya lori. Unakaza hii, unaruka ng'ambo, unakaza ile. Ukizunguka, itavutika upande moja, italia kama mbuzi.”

Ndivyo nilivyokaza tangu siku hiyo hadi nilipostaafu.

Orkestra yetu ilikuwa ya wafanyakazi wa mgodi, na kila mwanamuziki alikuwa ametolewa kwenye kazi ngumu zaidi. Mpiga ngoma, Kalala, alitoka chini ya ardhi akiwa anakohoa vumbi. Nesi alimwambia waziwazi kwamba akirudi shimoni hatamaliza msimu wa mvua. Kwa hiyo mimi nilitunza ngoma, na ngoma zilimtunza Kalala.

Kisha dhoruba moja iling'oa bati la stoo. Batterie yetu ililowa mpaka mbao zikafumuka. Ninyi vijana mjue kwamba ngoma za Kijapani za miaka ile hazikuchongwa kwenye gogo. Mwili wake ulikuwa tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kufunikwa plastiki ya rangi. Maji yakipenya, gundi inaachia, na ngoma haina sauti tena.

Mkuu wa wafanyakazi alituita, mimi na Kalala.

“Citoyens, bageni ba Kinshasa banafika samedi, mwisho ya juma. Franga iko ya batterie moja tu, tena ya occasion, yenye bengine balisha kutumia. Mulete yenye kung'aa, bageni bataangalia. Bila batterie hakuna orchestre. Bila orchestre, kila mutu anarudia kwenye alitoka.”

Hakumtazama Kalala aliposema hivyo. Kalala aliangalia viatu vyake.

Wakati ule Wareno walikuwa wakikimbia vita vya Angola, na vitu vyao vingi viliuzwa kwa bei ya chini Dilolo, mpakani. Tulipanda treni. Njiani Kalala alikohoa ndani ya leso yake, akaikunja kabla sijaona kilichomo.

Mama Mujinga, mfanyabiashara wa vitu vya Wareno, alikuwa na batterie mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bluu yenye chembechembe za fedha, iking'aa kama dirisha la kanisa. Ya pili ilikuwa nyekundu iliyopauka, mguu mmoja umefungwa waya. Bei ilikuwa ileile. Nembo zilikuwa tofauti, lakini vishikio vya skrubu vilikuwa vya umbo moja, na mashimo ya hewa yalikuwa mahali pamoja. Nilijua kuwa kiwanda kimoja cha Japani kilikuwa kikitengeneza ngoma na kuzibandika majina mengi kwa wanunuzi mbalimbali. Basi jina halikuwa na msaada. Vitu vya Wareno vilisafiri juu ya malori ya wazi, kwa hiyo ilibidi kujua kama mojawapo ilinyeshewa njiani.

“Mama, nifungue ngozi, niangalie ndani,” nikasema.

“Ukifungua, umeisha kununua.”

“Basi tupige kiloko, polepole tu.”

Hapo askari mmoja aliyekuwa amekaa ng'ambo ya njia akasimama. Alikuwa sajini, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Hapana piga! Juzi batoto balipasua kibuyu hapa, bantu bangu bakafyatua bunduki. Unataka kufia ngoma?”

Nikafanya nilichoweza bila kupiga. Niliweka kidole juu ya ngozi, nikasogeza mdomo karibu, nikaimba kwa sauti ya chini nikipanda polepole. Ngoma nzima ina sauti yake moja. Ukiifikia, ngozi inatetemeka chini ya kidole. Nyekundu ilitetemeka. Ya bluu nayo ilitetemeka, ila kidogo, na mahali pawili. Huenda ngozi yake ilikuwa imelegea tu. Huenda mbao zilikuwa zimeachana chini ya ile plastiki nzuri. Sikuwa na hakika.

“Ya bluu,” Kalala akasema. “Chef alisema yenye kung'aa.”

“Na ikikufa katikati ya muziki, mbele ya bageni?”

“Na tukimupelekea hii ya waya, atatufukuza haijalia bado!” Akashikwa na kikohozi, akainama. Mama Mujinga akaacha kupunga mbu.

Sajini alimtazama Kalala kwa muda mrefu. “Ulikuwa chini ya udongo?”

“Ndiyo, chef.”

“Kaka yangu pia.” Akageuka, akawapigia kelele askari wake waliokuwa kwenye kizuizi cha barabara: “Sikieni! Kutapigwa ngoma mara moja! Hapana fyatua!” Kisha akatuambia, “Moja. Ya pili siko mimi nitaijibu, ni bunduki.”

Batterie mbili, pigo moja. Nilitaka pigo lile liende kwenye ya bluu niliyoishuku, ili nijue. Lakini fimbo za kupigia zilikuwa mkononi mwa Kalala. Alizunguka zote mbili, akazigusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akaenda kwenye nyekundu, kwenye ile ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini, akainua mkono.

Sauti ilipasuka kavu na kali, ikarudi kutoka ukuta wa stesheni. Akina mama wa sokoni walilala chini. Askari wawili waliokwisha kuonywa waliruka mtaroni. Sajini mwenyewe, aliyetoa ruhusa, alijikuta amechuchumaa nyuma ya mfuko wa chumvi. Bunduki tatu zilituelekea.

Kalala, mikono juu, alininong'oneza bila kugeuza kichwa:

“Tata, lipa. Ndiyo hii.”

Tuliporudi Kolwezi, mkuu wa wafanyakazi aliizunguka ile batterie nyekundu ukumbini, akagusa waya kwa ncha ya kiatu.

“Niliwatuma ngoma ao masanduku ya maiti?”

Kalala alikaa, akapiga. Alianza taratibu, kisha akaachia mkono wa kulia uende. Wafagiaji waliokuwa nje walisogea dirishani. Mkuu alikunja mikono kifuani, akaikunjua, akaikunja tena. Kalala alipomaliza, mkuu akamgeukia karani wake.

“Mutafutieni kitambaa ya kufunika ule mguu. Na huyu Kalala jina yake ibakie huku juu.”

Baadaye niliona batterie nyingi, mpya na kuukuu. Nilimwuliza hata fundi mmoja Mjapani wa migodi ya kusini kuhusu gundi ya mbao zile. Alicheka, akasema yeye anajua pampu tu. Sasa nimestaafu, na vijana huja kunionyesha picha za ngoma kwenye simu wakitaka niwachagulie. Nawaambia waende waziguse, na wamchukue atakayezipiga, kwa sababu ni yeye atakayeishi nazo.

Kikohozi cha Kalala hakikupona. Lakini alikohoa juu ya ardhi, nyumbani kwake, miaka mingi, mpaka wajukuu wake wakajua kumwiga, naye akawafukuza uani akicheka.