Mpira wa Gofu Nilioupiga Msasa

Jamani, kichwa changu ni kigumu kuliko mpingo! Mimi ni mchongaji hapa Malindi. Meneja wa kiwanja cha gofu aliniletea mpira, akaniagiza nimchongee mwingine wa mti kama ule, mkubwa kama nazi, uwe zawadi ya mshindi. Nikaona umejaa vishimo. Nikajiambia, maskini, umepigwa magongo mpaka umebonyea!

Mke wangu akauliza, "Mbona vishimo vimelingana?"

"Mama Zuhura, fundi hapa ni nani?"

Mpira wangu nikauchonga, nikaupiga msasa siku mbili, ukateleza kama sabuni.

Siku ya zawadi, mshindi akaupapasa mbele ya watu wote. "Fundi, vishimo ndivyo vinavyoupeleka mpira mbali. Hili yai la mbuni litafika wapi?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu.