Namba ya Mama Mkwe

Serah Nekesa aliishi kwa mgongo wake. Tangu alipohamia Minneapolis kutoka Bungoma, kazi yake hospitalini ilikuwa kuwageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, na kwa kazi hiyo alimsomesha bintiye Margaret mpaka akawa mfamasia. Alizoea kusema kwamba Mungu alimpa vitu viwili, sala na kiuno, na kwamba sala inaweza kusubiri.

Margaret aliolewa na Gilbert, kijana wa kwetu aliyekuwa fundi wa mitambo huko Champlin. Kwetu sisi Wabukusu, mkwe hamgusi mama mkwe, hamkazii macho, wala hautaji mwili wake kwa neno lolote. Sisi tuliolelewa na wamisheni tulifundishwa kuyaacha mengi; hili hatukuliacha, nami nilifurahi kumwona kijana akilishika hata katika nchi ya barafu.

Jumamosi moja ya Februari, mwaka 2013, Gilbert alitualika, wao na mimi mzee wa kanisa lao, kula samaki katika kibanda cha wavuvi, ng'ambo ya ziwa lililoganda. Margaret angeendesha pikipiki ya theluji ya mumewe, mama yake akiwa nyuma yake. Mimi na Gilbert tungefuata kwa miguu. Usukani wa pikipiki ile ulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, mtambo mdogo wa umeme hujaza upepo katika springi ya nyuma, kuanzia namba moja, iliyo laini, ya mtu mmoja mwepesi, hadi namba tano, ya watu wawili na mzigo wao. Gilbert aliweka kidole juu ya kitufe, akasita, akakiondoa. Namba ilibaki moja.

Tulipofika kibandani, Serah alikuwa ameegemea ukuta, mkono mmoja kiunoni.

"Kila tuta, kiti kiligonga chuma," Margaret akatuambia. "Hawezi kuinama."

Serah hakumtazama mkwewe. Alinigeukia mimi, polepole, kiwiliwili kizima.

"Ndugu Jotham, mwulize huyo fundi ilikuwa namba gani."

Gilbert alitazama viatu vyake. "Mzee, mwambie Mama ilikuwa moja."

"Na ya watu wawili?"

"Nne. Au tano."

"Au tano," Serah akarudia. "Mwulize kwa nini mimi nilipewa ya mtoto."

Gilbert alivua glavu, akaivaa tena. "Mzee, kuipandisha mpaka tano Mama akiwa amesimama pale, ingekuwa kama nampima mbele za watu."

"Ni heshima, Mama Margaret," nikaanza.

"Usinifunikie jambo hili kwa heshima. Jumatatu kuna mgonjwa wa kilo tisini anayeningoja nimgeuze. Heshima hiyo ndiyo itakayomgeuza?" Sauti yake haikupanda, ilizidi kuwa ngumu. "Mila haikumwambia anyamaze. Ilimwambia atume mtu. Mkewe alikuwa palepale. Wewe ulikuwa palepale, umevaa kofia mbili kama mlinzi wa benki, umekodoa macho."

Samaki waliletwa, Serah alikula wake akiwa amesimama, na hakuna aliyethubutu kumsifu mpishi.

Kutembea juu ya barafu kwa mgongo ule hakukuwezekana. Ilibidi arudi kwa pikipiki ileile. Gilbert aliiwasha, akasimama akimpa mama mkwe kisogo, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Mzee," akasema, "naomba umwulize Mama kilo zake."

Margaret aliziba mdomo kwa glavu. Kabla sijageuka, Serah alijibu kwa sauti iliyowafanya wavuvi wainue vichwa.

"Themanini na saba. Bila koti."

Gilbert alibonyeza. Mtambo ukanguruma chini ya kiti, namba ikapanda, naye hakuondoka mpaka ilipotulia kwenye tano. Serah aliketi kwa uangalifu, akamshika bintiye kiunoni.

"Ndugu Jotham, mwambie: huu mgongo ukikataa kazi Jumatatu, nitampigia simu mwenyewe. Sitatuma mtu."

Wakaondoka. Kwenye tuta la kwanza kiti kilizama kidogo, kikainuka bila kugonga. Serah hakugeuka nyuma.